Usiipige Kiki Kwanza

Leo nataka tuingie uani. Uani kwa mstaafu yeyote aliyewahi kuwa bwana shamba, bwana afya, mratibu elimu kata au katekista wa kigango cha mbali. Pita sebuleni, pita jikoni, tokea mlango wa nyuma. Pale pembeni mwa banda la kuku, chini ya magunia matupu, utaona usukani umechomoza. Kuku wamelala juu ya siti. Tairi la mbele limekalia rimu. Na mwenyeji atakuambia kabla hujauliza: hiyo ni Honda, ni nzima kabisa, inataka plagi tu.

Inataka plagi tu! Nimewasikia wauza viwanja, nimewasikia washenga, lakini sijasikia kauli inayosemwa kwa moyo mweupe namna hiyo huku ikiwa imebeba ukweli mdogo namna hiyo.

Nitazungumzia aina moja hasa, Honda CG125. Ndiyo niliyoinunua, ndiyo tuliyoifungua mimi na fundi wangu hadi bolti ya mwisho, na historia yake inamgusa kila bodaboda anayepita nje ya studio hii. Historia hiyo tuipe nafasi yake, maana bila kuijua hutaelewa kwa nini chuma kilichokaa na kuku miaka yote hiyo bado kinastahili fedha yako.

Katika miaka ya 1970 Honda walikuwa na pikipiki ndogo nzuri iliyoitwa CB125. Kamshafti yake, ile inayofungua na kufunga valvu, ilikaa juu kabisa, kichwani mwa injini. Kwa mtu anayemwaga oili kwa wakati, hakuna tatizo. Lakini katika nchi zinazoendelea injini hizo zilikuwa zinakufa mapema, na kilichotangulia kufa ni kile kichwa, kwa sababu oili ikipungua au ikichafuka, sehemu ya juu ndiyo inayokosa kwanza. Honda wakatuma wahandisi wakajionee. Walichokikuta hakiwezi kumshangaza yeyote kati yetu: oili haibadilishwi mpaka injini igome, chujio la hewa halijafunguliwa tangu litoke dukani, cheni inaning'inia, na pikipiki ya watu wawili imebeba wanne na gunia.

Wangeweza kurudi kwao wakaandika kijitabu kinene cha kumwonya mteja. Hawakufanya hivyo. Walikaa wakachora injini itakayomvumilia mteja kama alivyo, na kwa maoni yangu huo ni uungwana mkubwa kwa mhandisi. CG125 ilipotoka katikati ya muongo ule, kamshafti ilikuwa imeshushwa chini, jirani na krenki, ambako hata oili ikibaki kidogo itaifikia. Inazungushwa kwa gia, haina cheni ya kulegea wala kukatika. Ina nundu moja tu, na nundu hiyo moja inazisukuma valvu zote mbili kwa kupitia vijiti viwili virefu. Cheni ya gurudumu la nyuma ikafungiwa ndani ya boksi la bati ili vumbi lisiifikie. Ndani ya injini hakuna chujio la karatasi la kununua kila mara. Upo wavu mdogo, na lipo kopo linalozunguka na krenki na kurushia uchafu pembeni. Ujazo wake ni CC 124, kipenyo cha pistoni milimita 56.5, na safari ya pistoni kupanda au kushuka milimita 49.5. Hiyo 56.5 iweke kichwani, tutaihitaji dukani.

Pikipiki hiyo ilitengenezwa Japani, ikatengenezwa Brazil, ikatengenezwa Uturuki, na Pakistan wakaing'ang'ania mpaka leo. Lakini walioipenda kupita wote ni Wachina. Viwanda vyao viliiiga injini ile, vikaipa majina chungu nzima, vikaisambaza duniani. Kenya ilipoondoa VAT kwa pikipiki za chini ya CC 250 mwaka 2008, na huku kwetu miaka hiyohiyo pikipiki za Kichina zilipoanza kumwagika barabarani, nyingi zilikuwa zimebeba injini hiyo. Boxer na TVS ni ukoo mwingine, za Wahindi. Lakini ukisikia bodaboda ya Kichina inagonga tiki-tiki-tiki pale juu ikiwa imesimama kwenye mataa, hivyo ni vile vijiti viwili virefu vinafanya kazi. Kwa hiyo ile Honda ya kwenye banda la kuku ni bibi wa bodaboda, na vifaa vya wajukuu vingi vinamwingia bibi.

Sasa tuje kwenye ununuzi. Yangu niliipata Kilosa, kwa bwana shamba mstaafu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeifuata Honda?"

"Nimeifuata, mzee. Nimeambiwa unaiuza."

"Naiuza kwa sababu magoti yamekataa, yenyewe haijakataa. Hiyo imenipeleka Gairo na kunirudisha, masika na kiangazi. Enzi hizo Gairo ni yetu, siyo wilaya ya watu."

Ni kweli, Gairo ilimegwa kutoka Kilosa mwaka 2012. Mzee alizungumza habari za Gairo, za mahindi yaliyoshambuliwa na dumuzi, za mto uliomzuia njiani siku nzima, nami nikawa nasubiri nafasi ya kuuliza swali moja tu.

"Mzee, kadi ipo?"

Akakohoa. "Kadi anajua mama yako."

Mama akaitwa. Akaingia ndani, akatoka na kopo la biskuti lenye vyeti vya ubatizo, risiti za michango ya harusi, na chini kabisa kadi ya pikipiki, imekunjwa mara nne, kwa jina la mzee mwenyewe. Hapo ndipo tulipoanza kuzungumza bei.

Msikilizaji, hili wengi wanaliruka. Wanapapasa tangi, wanapiga teke tairi, wanauliza bei, kadi wanaikumbuka wiki ya pili. Pikipiki nyingi za umri huu ziliingia nchini kwa namba za DFP, yaani mali ya miradi ya wafadhili, na msamaha wa kodi ulikuwa wa mradi, haukuwa wa mtumishi. Mradi ulipofungwa na mtumishi akabaki na pikipiki kwa kupeana mikono tu, madai ya kodi yanaweza kumsubiri atakayekuja kubadilisha umiliki, na huyo ni wewe. Kama mwenye kadi amefariki, anayeweza kukuuzia ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa anayeshika funguo peke yake hatoshi. Kisha chukua kitambaa chenye petroli, sugua shingo ya fremu karibu na usukani, usome namba iliyogongwa pale, uilinganishe na kadi. Fanya hivyo na namba ya injini. Injini ikiwa imewahi kubadilishwa bila kuandikishwa, utakuwa unajieleza kwa trafiki kila kituo, na trafiki hana haja ya kujua historia ya CG.

Pikipiki ikishafika nyumbani, vijana wa mtaani watakusanyika, na mmoja ataruka apige kiki. Mzuie. Injini iliyolala haiuawi na uzee. Mara nyingi inauawa na huyo kijana. Silinda ikikaa miaka bila kuzunguka, kutu nyembamba huota ukutani, na ringi za pistoni hushikana nayo. Ukipiga kiki kwa nguvu unavunja ringi, unakwaruza silinda, na mzigo wa kazi ya wiki moja unageuka wa miezi. Fungua plagi. Mimina oili nyepesi kiasi cha vijiko viwili, au oili iliyochanganywa na dizeli, halafu uache. Kesho uongeze. Ikishalainika, weka gia ya juu, shika gurudumu la nyuma kwa mikono miwili, likumbatie, lisukume mbele kidogo, nyuma kidogo. Yetu iligoma kwanza. Siku ilipokubali haikupiga kelele yoyote, gurudumu lilikwenda tu.

Fundi wangu ni mzee wa Morogoro mwenye gereji chini ya mwarobaini, mtu wa maneno machache. Nilitaka tuendelee na injini, akakataa. Alianza na breki.

"Ikiwaka bila breki utaipanda," akasema. "Nakujua."

Akafungua ngoma ya gurudumu la mbele. Viatu vya breki vilionekana vinene, vimebaki vingi, mimi ningevirudisha. Akachukua bisibisi, akagusa pembeni, na ule utando wa breki ukabanduka mzima kutoka kwenye chuma chake. Gundi ilikuwa imekufa. Utando kama huo ukibanduka ukiwa kwenye mwendo unajikunja ndani ya ngoma, gurudumu linakaza ghafla, na wewe unaendelea na safari bila pikipiki. Tangu siku hiyo sipimi breki za chombo kilicholala kwa unene. Viatu vipya vya kawaida vya bodaboda viliingia, na bei yake haimfilisi mtu.

Matairi vilevile. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu zimefungiwa kwenye umbo la yai. Zikiwa nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 3214 maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2014. Zikiwa tatu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, nalo lipeleke kwa watengeneza kandambili. Spoku zilizolegea tulimpelekea fundi baiskeli, siyo fundi pikipiki. Fundi baiskeli anayejua kazi yake hunyoosha rimu kwa sikio, anagonga spoku moja moja na kusikiliza mlio.

Tangi lilikuwa na kutu inayotoka kwa viganja. Hapa kuna shule nyingi. Wako wanaotia kokoto na kutikisa, wako wa siki, wako wa tindikali ya betri, na hao wa tindikali nawaomba waache, wanakula chuma chenyewe na vidole vyao. Sisi mkoa wa Morogoro tuna bahati, tuna viwanda vya sukari Mtibwa na Kilombero, na molasi anayowapa mfugaji ng'ombe wake inayeyusha kutu bila kugusa chuma kizima. Sehemu moja ya molasi, sehemu tisa au kumi za maji, jaza tangi mpaka juu, funga, sahau kwa wiki mbili tatu. Inanuka vibaya, majirani watasema. Ukimwaga, suuza upesi, kausha upesi, paka oili ndani upesi, maana chuma kilichovuliwa kutu kinaota nyingine mchana huohuo. Ila angalia: usitumbukize kabureta humo. Molasi inakula aluminiamu.

Kabureta ina adhabu yake. Petroli iliyokaa huondoka na kuacha gundi ya kahawia, na gundi hiyo hupenda kukaa kwenye jeti ndogo kuliko zote, ile ya mwendo wa taratibu. Ndiyo maana pikipiki iliyolala huwaka kwa choki, kisha ukiifungua choki inazima. Watu huchukua sindano au waya wa breki, wanachokonoa. Jeti ni shaba laini. Ukichokonoa kwa chuma umeipanua tundu, na kuanzia hapo pikipiki inakunywa petroli bila sababu utakayoiona. Loweka, puliza kwa upepo wa kompresa, na kama lazima uchokonoe, tumia uzi mmoja wa waya wa umeme wa nyumbani, ambao ni kopa na hauwezi kuishinda shaba.

Ndani ya injini hatukukuta msiba. Lile kopo linalozunguka lilikuwa limejaa tope jeusi gumu, tukalikwangua kwa kijiti. Gia zilikuwa kama za jana. Krenki haikuwa na mchezo. Pistoni ndiyo iliyokuwa imechoka, na silinda ikapelekwa kuchongwa. Basi nikaenda dukani.

"Nipatie pistoni ya CG."

"Ya 125 au ya 150?"

"Mia na ishirini na tano, ya kuongeza robo milimita."

Muuzaji akaleta boksi. "Hii orijino, kaka."

Kwa wauza vipuri kila kitu ni orijino, hata kilichoandikwa jina la Honda kwa herufi zilizokosewa. Nilikuwa na kipimo mfukoni. Pistoni ya 125 ni milimita 56.5, na za kuongeza huja kwa hatua za robo milimita, kwa hiyo niliyoitaka ni 56.75. Ya 150 ni 62. Boksi lilisema moja, pistoni ikasema nyingine. Tukarudisha, tukatafuta, tukapata kwa duka la tatu. Simlaumu muuzaji; duka lake halina kipimo, na wateja wake hawabebi. Lakini hapa nina neno kwa mafundi vijana wanaotusikiliza. Mmekuwa hodari wa kubadilisha. Mteja akija na mlio, mnabadilisha kichwa kizima, mnabadilisha bloku, na kile cha zamani kinauzwa kwa kilo. Katika Honda ya zamani, kifaa mnachokitupa mara nyingi ni kizuri kuliko mnachokifunga. Pimeni kwanza. Nafasi ya valvu kwenye CG ni milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi, na kipimo cha vibati cha kuipimia ni cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha mafundi wawili. Mkiikaza kupita hapo valvu inaungua, mkiilegeza mnaleta ule mlio mliokwenda kuutibu.

Umeme sitakaa nao sana, kwa kuwa hauna raha. CG za mwanzo ni za volti 6, na betri za volti 6 zinatafutwa kwa tochi. Usidanganywe ufunge ya volti 12 bila kubadilisha kingine, utaunguza taa zote jioni moja. Badilisha mfumo mzima, sumaku na koili na CDI, ukiwa umepima kwamba sumaku mpya inakaa vizuri kwenye ncha ya krenki yako, au baki na volti 6 ukubali kutosafiri usiku. Mimi nimebaki na volti 6. Pointi zilisuguliwa kwa msasa laini, cheche ikarudi, ikatosha.

Na rangi? Rangi ilikuwa ya mwisho kabisa, na naomba kwako iwe hivyo. Najua raha yake. Ukipaka rangi siku ya kwanza majirani wanasifu, unajiona umefika, na fedha iliyobaki haitoshi tena breki. Halafu kuna wafanyabiashara wanaonunua machuma haya, wanayapulizia nyekundu inayong'aa juu ya kutu na nyufa za fremu, wanayasimamisha barabarani na bango. Pikipiki kuukuu yenye rangi mpya na nati zilizoliwa pembe zote, ipite kama hukuiona. Afadhali ile yenye kinyesi cha kuku. Yenyewe haijaficha kitu. Lile boksi la bati la cheni, ambalo wengi wanalitupa kwa kuona linaharibu sura, nililinyoosha kwa nyundo ya mbao nikalirudisha. Ninaona cheni za bodaboda wetu zinavyoliwa na vumbi, na sioni kwa nini niachane na kinga waliyoifikiria watu waliokuja kutazama maisha yetu wakayaelewa.

Kuna atakayeniuliza kama inalipa. Kama unataka kubeba abiria, hailipi. Kanunue mpya yenye dhamana na breki ya diski, uache vitu vya kale kwa wenye muda. Kama gharama ya vifaa peke yake inapita nusu ya bei ya pikipiki mpya, simama, hasa ikiwa fremu imepinda au krenki imekufa. Lakini kama injini inazunguka, kadi ipo, na unataka chombo cha kwenda shamba na kurudi ambacho utakijua kila nati yake, sijaona fedha inayofanya kazi vizuri zaidi ya hiyo.

Kwa hiyo wewe ambaye hapo nyumbani kwenu imo moja, labda ya baba, labda ya babu: leo usiiguse kiki. Kafungue plagi, utie vijiko viwili vya oili, urudishe plagi kwa mkono. Halafu ingia ndani umuulize mama kadi iko wapi. Ikipatikana, mwite fundi, na umwambie aanze na breki.